Bangili ya Nanzia

Enzi hizo, kabla mkono wa mfiwa haujajua bangili, watu wa Kwamsele hawakubakiza hata unywele mmoja wa marehemu. Alinyolewa, nywele zikachomwa kabla ya maziko. Waliamini kuwa unywele uliobaki humrudisha mwenyewe kuufuata, naye haondoki mikono mitupu, huondoka na mtoto wa watu. Nywele za aliye hai, kwa upande wake, zilikuwa mwiko kutiwa motoni, maana kuzichoma ni kumuua. Sheria hizo mbili zilikaa pamoja miaka na miaka bila kugombana.

Zikaja kugombana kwa Nanzia, msusi. Bintiye Kijoli alikufa kwa homa, na mama, wakati wa kumnyoa, akauficha msuko mmoja kwenye pindo la nguo. Uchungu ulimzidi akili. Alipojifungia ndani akausuka upya uwe bangili, lakini haukutosha kuuzunguka mkono. Akachukua nywele zake mwenyewe, alizonyolewa kwa msiba, akaunganisha.

Alisahau jambo moja, tena yeye msusi! Kijoli alikuwa amesukwa twende kilioni, misuko minene, michache. Mmoja ukikosekana, hata kipofu anajua. Wifi yake Namkunda, aliyezitia nywele motoni, aliona, akanyamaza. Kisha mwanawe mwenyewe akashikwa na homa. Hapo akapiga yowe, akautaja msuko uliokosekana.

Ua ukajaa watu. Mzee Semboja, msimamizi wa maziko, akawasha moto.

“Mama Kijoli, vua.”

“Sivui. Kila kitu changu mmeshakizika.”

“Wifi, mwanangu anakufa!” Namkunda alilia, mtoto akihema mgongoni.

Nanzia akamtazama yule mtoto. Alimpenda. Akaivua bangili.

“Chukueni. Ila na zangu zimo.”

Mkono wa mzee ukasimama juu ya moto. “Zipi zako? Zitoe.”

Nanzia akainama, akatazama, akatazama tena. Weusi ule ule, wembamba ule ule.

“Sijui,” akasema, na hapo ndipo alipoangua kilio.

Mzee akaurudisha mkono. Hakuna aliyethubutu kumchoma mama kwa ajili ya binti. Wakakaa wakisubiri, Namkunda akisikiliza kila pumzi ya mwanawe, na Nanzia akisikiliza pamoja naye. Asubuhi mtoto akaomba uji.

Na tangu siku hiyo, mfiwa wa Kwamsele husuka nywele zake na za marehemu wake katika bangili moja, na moto hauigusi. Ukimkuta mama akiizungusha mkononi, mpe pole, upite. Usimuulize zipi zake na zipi za mwanawe. Hajui, wala hataki kujua.