Aya Zilizoanza na "Alikuwa"

Palikuwa na karani mmoja wa usharika, mtu makini, shati limenyooka hata siku ya mvua. Usharika wake ulikuwa unatimiza miaka sitini, na wazee wa kanisa wakaamua kitolewe kitabu cha waumini wote waliotangulia. Kila marehemu na jina lake, na chini ya jina, wasifu wake: alizaliwa lini, alibatizwa lini, alikuwa mtu wa namna gani, alifariki lini. Kazi akapewa karani.

Mwaka mzima alipita nyumba kwa nyumba. Alikaa kwenye vigoda vya majikoni, akawasikiliza wajane, akaandika. Akirudi ofisini anachapa kwenye kompyuta, na karatasi aliyoandikia kwa mkono, ikishachapwa, inakwenda kuchomwa pamoja na taka, maana kabati lilikuwa dogo. Majina mia tatu na kumi na mawili. Kila jina alilikoza wino, akalikuza, akaliweka katikati ya ukurasa. Ukitazama unasema: kweli, huyu kaheshimiwa.

Lakini majina yalifuatana ovyo, na wazee wakataka yapangwe kwa alfabeti, mtu amtafute wake bila kuhangaika. Karani akaipeleka kazi steshenari. Dada wa pale akaangalia skrini, akauliza:

"Baba, haya majina umeyapa mtindo wa kichwa cha habari?"

"Huoni yalivyo makubwa?"

"Mimi naona. Kompyuta haioni. Kwake hiyo ni mistari tu kama mistari mingine. Ukiyapa ule mtindo, inajua kwamba maneno ya chini ni ya jina hilo. Ukipanga, jina linahama na watu wake wote. Niachie hadi Ijumaa, niyapitie moja moja."

"Hadi Ijumaa! Binti, mimi nimepiga taipu kabla mama yako hajaota meno."

"Haya, baba. Ila weka nakala pembeni."

Hakuweka. Alirudi ofisini, akachagua kurasa zote, akabonyeza panga. Sekunde moja. Akaona juu kabisa pameanza na A, akaridhika, akahifadhi, akafunga, akaenda nyumbani kula.

Asubuhi akafungua faili. Wapendwa, kila mstari ulikuwa umehama peke yake. "Alibatizwa" wote wamekaa pamoja. Wakafuata "Alifariki" wote. Kisha "Alikuwa." Kisha "Alizaliwa." Watu mia tatu na kumi na wawili wamekufa kabla hawajazaliwa. Na majina? Majina yapo, meusi, makubwa, katikati ya ukurasa, na chini ya jina hakuna mtu.

Tarehe alizirudisha. Rejesta za ubatizo na mazishi zilikuwepo, akakaa nazo wiki tatu, akaoanisha. Lakini zile aya zilizoanza na "Alikuwa" zingerudije? Hakuna rejesta inayoandika mtu alikuwa nani. Ikabidi aziite familia, moja baada ya nyingine, zije zimtambue mtu wao.

Akaja mama mmoja aliyezika binti yake wa pekee. Hakujua kusoma. Alikuwa amesubiri kitabu kile kwa sababu hakubakiwa na picha hata moja, nyumba iliungua. Kilichobaki cha binti yake hapa duniani kilikuwa yale aliyomweleza karani, siku nzima, mpaka chai ikapoa mara mbili.

"Kaa, mama. Mimi nitasoma, wewe ukimsikia, uniambie."

Akaanza kusoma. "Alikuwa mpole, mcheshi, na mcha Mungu."

"Ni huyo!" mama akasema, mkono kifuani.

Karani akasoma ya pili, kwa uaminifu tu. "Alikuwa mcheshi, mpole, na mpenda watu."

"Ngoja. Labda ni huyo."

Akasoma ya tatu. Ya tisa. Ya ishirini. Alikuwa mpole. Alikuwa mkarimu. Alikuwa mpole na mkarimu. Kufika ya arobaini, mama alikuwa anaangalia mikono yake.

"Mwanangu," akasema, "nilikueleza kwamba alikuwa anaogopa bata. Mtu mzima, ana mume, akiona bata anapanda juu ya benchi. Uliandika?"

"Hapana, mama."

"Nilikueleza kwamba akiimba alikuwa anafumba jicho moja."

"Niliona si mambo ya kitabu, mama. Nisamehe. Siku ile nilipobonyeza..."

"Acha siku ile." Mama akainuka, akafunga khanga yake vizuri. "Hukumpoteza siku ile. Ulimpoteza jikoni kwangu, mimi naongea, wewe unaandika 'mpole.'"

Akatoka. Karani hakumfuata. Angemfuata ampe nini?

Sasa tuseme ukweli, sisi tulioketi humu. Tunataka kumcheka karani kwa kukaidi steshenari? Mashine ilitenganisha jina na mtu kwa sekunde moja. Sisi tunafanya kazi hiyo mwaka mzima, polepole, kwa tabasamu. Tunasalimiana mlangoni, "Hujambo, mama," "Shikamoo, mzee," jina tunalijua, sauti tunaijua, benchi lake tunalijua. Na chini ya jina, pana nini? Jirani yako akiondolewa jina leo, yakabaki maisha yake matupu, utamtambua? Mume wako? Mtoto wako unayemlipia shule?

Mchungaji mwema huwaita kondoo wake mmoja mmoja. Hawaiti kwa kundi. Na sisi tumejifunza kuwaita watu wote neno moja, tukadhani ni heshima.

Jumatano tulimzika mzee wetu wa benchi la tatu. Miaka ishirini na miwili amekaa pale. Tulisimama juani, wasifu ukasomwa, ukasema alikuwa mpole, na sote tukaitikia kwa vichwa. Nauliza, na sitaki jibu la haraka: nani kati yetu aliwahi kuingia nyumbani kwake?

Nasubiri.

Ndugu zangu, kimya hiki ndicho wasifu wake. Sisi ndio tuliouandika.