Barua Iliyotangulia Peke Yake

Ofisi ya wakili yule ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo, na ngazi zake zilikuwa nyembamba hata anayepanda na anayeshuka wakawa hawapishani bila kuombana radhi. Ndani mlikuwa na meza mbili, kabati la mafaili lililovimba kama shavu la mwenye jino bovu, na dirisha lililotazama ukuta wa jengo la jirani. Jua halikuingia humo mwaka mzima. Hata hivyo wateja hawakukatika, kwani wakili mwenyewe alikuwa na sifa moja iliyovuma: alijua kuandika. Barua zake zilikuwa laini kama hariri na kali kama wembe. Ndiyo maana wenzake walimwita Kalamu, na jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye cheti kilichotundikwa ukutani.

Kalamu alikuwa na fahari nyingine: marafiki wa kazi katika nchi za jirani. Sheria ni kama ufunguo. Wa nyumba hii haufungui nyumba ile, na wakili aliyeapishwa upande mmoja wa mpaka hana ruhusa ya kusimama mahakamani upande wa pili. Kwa hiyo mawakili hupokezana wateja. Miaka kumi na miwili Kalamu alikuwa akipokezana wateja na wakili mmoja wa ng'ambo, ambaye watu walimwita Bwana Tai kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila tai shingoni. Baina yao kulikuwa na adabu isiyoandikwa popote: ukishamkabidhi mwenzako mteja, unaondoa mkono. Kumfuatafuata kwa maswali ni sawa na kumwambia humwamini.

Jumatatu moja ya mvua akapanda ngazi zile mama mmoja, fundi cherehani, futi yake ya kupimia ingali shingoni kama mtu aliyenyanyuka kazini ghafla. Alikaribishwa kiti akakalia ukingo.

"Mwanangu, nimeambiwa wewe una watu kule ng'ambo," alisema.

Akaeleza. Bintiye wa pekee alivuka mpaka miaka saba iliyopita, akapata kazi ya ususi, kisha mama na mwana wakakosana kwa maneno ambayo leo hii hata hakuyakumbuka vizuri. Wakanyamaziana. Binti akazaa huko, akaugua, akafa, na majirani wakamzika bila kujua wa kumwarifu. Mtoto, msichana wa miaka mitano, akapelekwa kwenye kituo cha kulea watoto. Hivi majuzi tu mlezi wa kituo alikuta namba ya simu imeandikwa nyuma ya picha ya marehemu, akapiga.

"Ameniambia kuna mke na mume wameomba mahakama iwape mtoto wamwasili, awe wao kabisa. Mahakama imetoa siku. Ndugu yeyote wa mtoto mwenye neno afike tarehe ishirini ya mwezi ujao. Asipotokea mtu, basi." Akaishika futi iliyokuwa shingoni. "Nimezungumza naye kwenye simu. Ana sauti ya mama yake. Ameniuliza naenda lini."

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia nakuja. Mzigo nimekwisha kuufunga. Ila jirani akanishauri nisiingie mahakamani kama kuku aliyepotea, nitafute mwanasheria kwanza."

"Amekushauri vyema," Kalamu alisema. "Mahakama si sokoni, mama. Utaulizwa usilolijua, utajibu ndivyo sivyo, na mlango utafungwa. Mimi siruhusiwi kusema kule, lakini ninaye mtu. Mwache mwenyeji akusemee."

"Na mimi nifanye nini?"

"Wewe rudi kwenye cherehani yako. Jambo hili sasa liko mikononi mwa watu."

Mama alimtazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari. Akatoa cheti cha kuzaliwa cha bintiye, kimekunjwa mara nne ndani ya kitambaa, akakiweka mezani.

Mchana ule Kalamu aliandika barua ya kurasa tatu. Aliifuta na kuiandika upya mara mbili, akamsomea karani wake kwa sauti, naye karani, mwanamke mtu mzima aliyeanza naye kazi tangu wangali na meza moja, akakiri kwamba ilimtoa machozi. Barua ikatumwa kwa kompyuta pamoja na nakala ya cheti. Kabla chai haijapoa, jibu likaja: "Tumepokea barua yako. Itashughulikiwa."

"Unaona?" Kalamu alisema. "Bwana Tai halali."

Karani aliinama akalisoma jibu lile. "Mzee, hii ni mashine imejibu. Hata ya kwetu nimeitega hivyo hivyo."

"Mashine ni yake."

"Ni yake, ila si yeye. Tupige simu tusikie sauti ya mtu."

"Mtu mzima hakumbushwi kazi yake," Kalamu alisema. "Miaka kumi na miwili sijawahi kumpigia simu ya kumsukuma. Sitaanza leo."

Karani akarudi kwenye mafaili yake, lakini uso wake ulikuwa bado unabisha.

Siku zikayoyoma. Wiki ya tatu fundi cherehani akarudi, safari hii mikono yake ina madoa ya chaki. Hakuwa na haraka ya kuketi.

"Wakili wa kule amesemaje?"

"Yumo kazini, mama. Kimya cha wakili ni kazi."

"Mlezi wa kituo anasema hajaona mtu aliyefika kumtazama mtoto, wala kumuuliza lolote." Alisema taratibu, kwa heshima, kama anayeogopa kukosea. "Zimebaki siku sita. Basi linaondoka kila asubuhi. Nilikuwa nafikiri, mwanangu, na mimi nisogee tu, nikae hata nje ya mlango."

Kitu kama mwiba kilimchoma Kalamu. Alinyanyua simu, akaitazama, akairudisha. Alihitajika mahakamani baada ya nusu saa, na tena angemwambia nini Bwana Tai? Kwamba amekosa imani naye kwa sababu ya maneno ya mlezi wa watoto?

"Ukiingilia shauri katikati utamvuruga," alisema. "Mvumilivu, mama, ndiye apataye."

Mama akainamisha kichwa. Karani alimsindikiza hadi mwisho wa ngazi.

Tarehe ishirini ilimkuta Kalamu mahakamani akitetea shauri la mpaka wa viwanja. Alishinda. Aliporudi ofisini alipongezwa, akacheka, akala vizuri. Hakukumbuka kuwa ni tarehe gani.

Siku ya pili yake asubuhi fundi cherehani alikuwa amesimama mlangoni kabla ofisi haijafunguliwa. Hakuwa amelia, au kama alilia alikuwa amekwisha kumaliza.

"Wamempa," alisema. "Mlezi amenipigia. Anasema hakutokea mtu."

Kalamu alipiga simu kwa mara ya kwanza. Iliita mara mbili tu. Alipokea msichana, wakili mchanga aliyekuwa msaidizi wa Bwana Tai, na sauti yake ilikuwa ya uchovu. Bwana Tai alipigwa na kiharusi wiki tano zilizopita, alisema. Yu hai, lakini hasemi, na mkono wa kulia hauinuki. Mashauri yaliyokuwa mahakamani waligawana na ofisi nyingine. Barua mpya zilizokuja kwa jina lake walizichapisha wakazipanga mezani kwake, wakingoja apate nafuu.

"Hamkuzisoma?" Kalamu aliuliza.

"Zilikuwa zake, mzee. Tuliona si adabu." Kisha akauliza, "Kwani hukupiga simu?"

Safari ilichukua saa tisa. Kalamu aliketi kando ya mama yule kwenye basi, na katika saa zote hizo waliongea mara mbili: walipofika mpakani, alipomwonyesha mahali pa kugongewa muhuri, na walipokaribia kushuka, alipomuuliza kama amechoka. "Sijachoka," mama alijibu. Kalamu alitamani mama amtukane. Matusi yangekuwa tiba.

Katika ofisi ya Bwana Tai aliikuta barua yake. Ilikuwa ya nne kutoka juu, safi, haina hata mkunjo. Aliisoma mistari miwili ya kwanza akashindwa kuendelea, maana ilikuwa nzuri.

Wakili mchanga alifanya lililowezekana. Alipeleka ombi la dharura, na kesho yake wakaitwa mbele ya hakimu, mwanamama mwenye miwani aliyesikiliza bila kumkatiza mtu. Kalamu, ambaye kule kwao angesimama akaunguruma, hapa aliketi benchi la nyuma kama mtazamaji. Hakimu alipomaliza kusikiliza, alivua miwani akamtazama fundi cherehani.

"Mama, siku ile niliita mwenyewe. Kisha karani wa mahakama akatoka akaita ukumbini mara tatu: yuko ndugu wa mtoto huyu? Hakujibu mtu. Sheria haikukutaka uje na wakili. Ungesimama tu pale mlangoni ukasema, mimi ni bibi yake, ningelisimamisha shauri."

"Hata bila karatasi?" mama aliuliza.

"Hata bila karatasi. Sasa amri imekwisha kutolewa, na wazazi wale hawana kosa lolote. Siwezi kuitengua kwa sababu barua haikusomwa."

Mama akasema, "Nimeelewa." Hakugeuka kumtazama Kalamu. Angegeuka, ingekuwa afadhali.

Wazazi wapya walikuwa watu wema, na hilo lilizidisha uchungu, kwani hapakuwa na wa kuchukiwa. Baba alikuwa mwalimu aliyepata kazi nchi ya mbali sana, na wiki ile ile walikuwa wanahama. Waliposikia habari walikubali bibi akutane na mjukuu pale kituoni, wakatoka nje wenyewe ili wasiwe kizuizi.

Chumba kilikuwa na viti vidogo vya rangi na harufu ya sabuni. Mtoto aliingia ameshikwa mkono na mlezi. Alikuwa na paji la uso la mama yake. Alisimama mbali kidogo akamkagua mgeni.

"Wewe ndiye bibi wa kwenye simu?"

"Ndiye mimi."

"Ile siku ya mahakama nilikaa pale mlangoni. Na kesho yake. Mlezi akasema labda hujui njia."

"Njia nilikuwa naijua, mjukuu wangu."

"Sasa mbona hukuja?"

Kalamu alikuwa amesimama karibu na dirisha. Maisha yake yote hakuwahi kupungukiwa na maneno, na sasa aliyatafuta kama mtu anayepapasa gizani.

"Mimi ndiye niliyemzuia," alisema.

Mtoto akamgeukia, akamtazama bila chuki, kama mtu anavyomtazama mpita njia. "Kwa nini?"

Angesema nini, kwamba aliona haya kumsumbua rafiki? Mtoto alingoja kidogo, akachoka, akamwendea bibi yake, akapanda magotini pake na kuanza kuzihesabu kucha za bibi. Wakakaa hivyo mpaka gari lilipokuja. Bibi alimfunga vifungo vya sweta, kimoja baada ya kingine, polepole kuliko ilivyohitajika. Mwalimu aliandika namba zao na anwani, akaahidi kwamba mtoto atapiga simu kila Jumapili, na kwa hakika alitimiza ahadi. Lakini mtoto ni mtoto. Miezi ilivyosonga, simu zikafupika, lugha mpya ikaingia, na siku moja bibi alimsikia akiuliza upande wa pili, kwa sauti ya chini, "Huyu ni nani tena?"

Kalamu alibadilika, ingawa kubadilika kwake hakukumrudishia mtu chochote. Tangu hapo hakumkabidhi mteja kwa wakili wa ng'ambo bila kusikia sauti ya binadamu, bila kuuliza leo na kesho, na pale shauri lilipokuwa zito alipanda basi na mteja wake akaketi benchi la nyuma. Baadhi ya wenzake walilalamika kwamba siku hizi anasumbua. Hakujitetea.

Mwezi mmoja baada ya safari ile alikwenda kwenye kibanda cha fundi cherehani. Alikuwa ameandaa maneno ya kuomba msamaha, tena bila kuyaandika. Mama alizima cherehani, akampa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Sina ugomvi na wewe, wakili," alisema. Hapo awali alimwita mwanangu. "Uliniambia nikae, nikakaa. Kosa lako ni hilo, na langu ni hilo. Mtoto alikuwa wangu. Moyo ulinituma niende, nikauambia utulie kwa kuwa kuna barua nzuri imetangulia."

Kisha akakanyaga cherehani, na mlio wake ukafunika yote ambayo Kalamu angetaka kuongeza.

Ukimwomba mwenzio akukamatie kinachokuponyoka, usiketi ukingoje akuletee. Huenda naye ameanguka njiani, na wewe hujui. Kimbia nawe. Waliotutangulia walikwisha kutoa hukumu hii: shika, shika, na mwenyewe nyuma.