Uzi Mmoja Tu

Hapo zamani za kale, kabla hata wajanja wa leo hawajalijua neno wavuti, Buibui alikuwa fundi wa nyavu za kuagiza. Unamweleza shida yako, anakusukia wavu wa shida hiyo hiyo, si wa jirani. Sikilizeni vizuri, nyie mnaojiona mna akili, maana aliyenaswa hapa alikuwa na kichwa kizito kuliko vyenu vyote mkivipanga.

Mwaka uliotangulia, moto wa nyika uliingia kijijini bila mtu kuonywa. Ukamkuta Bibi Kobe ndani kwake, hakutoka tena. Ndipo Nyati, mwenyekiti wa kijiji, akamwita Buibui.

"Fundi, nataka wavu. Nyumba sita. Atakayeuona moto avute uzi, kengele zilie kote."

Buibui akajipapasa tumbo. "Nina pima mia za uzi, Mwenyekiti. Sitini za nyumba sita. Ishirini za matengenezo. Ishirini zilizobaki hazigusiki, ni za kifuko cha mayai yangu. Malipo yangu ni lile tundu la darini kwako, Nyigu asikofika."

Hayo ya mwisho aliyasema polepole. Msimu uliopita hakuwa na tundu. Nyigu aliyala mayai yote, mama mwenyewe akiona.

"Matengenezo ya nini?" Nyati akauliza. "Kitu kipya kina ubovu gani? Hiyo futa."

Buibui akafuta. Kazi ikaanza, svii, svii, uzi ukitoka. Siku ya tatu nyumba sita zilikuwa zimeunganishwa, nyuzi zote zikikutana kwenye mti mmoja mlangoni pa Nyati.

"Safi," Nyati akasema. "Sasa ongeza wa jikoni, niwe naita chakula. Uzi mmoja tu."

"Huo haukuwa kwenye bajeti."

"Si kuna zile ishirini tulizofuta? Zimo humo humo tumboni."

Akaongeza. Kesho yake ukatakiwa wa kisimani, mmoja tu. Ishirini zikaisha.

Siku ya tano Nyati alikuwa amejilaza kivulini mlangoni, anacheua, macho amefumba. "Fundi, na kwa mkwe wangu ng'ambo ya bonde. Uzi mmoja tu."

"Uzi umekwisha, Mwenyekiti."

"Tumbo hilo limejaa nini?"

"Watoto wangu, na uzi wa kuwafunika."

"Watasubiri. Au tundu nimpe Nyigu? Jana alikuja kuuliza."

Mayai hayasubiri, na Nyati alilijua hilo.

"Halafu ukimaliza," Nyati akaendelea, usingizi ukimchukua, "nyuzi zote zitoe hapo mtini, zinaniziba mlango. Zifunge pembeni."

Buibui akainua kichwa. "Pembeni, Mwenyekiti?"

"Masikio huna? Pembeni. Usiniulize tena."

Hakuulizwa tena. Nyati akakoroma, khoo, khoo. Buibui akafungua ncha za nyuzi zote nane pale mtini, akazifunga moja moja pembeni: nne pembe ya kulia, nne ya kushoto. Uzi mpya hakutoa hata shibiri.

Alasiri Nyati akaamka na kiu. Akasimama. Ting', ting', ting', kengele zikalia kijiji kizima.

Majirani wakaja wanakimbia. Swala kabeba wanawe wawili, Ngiri ana ndoo ya maji, wote wanahema. "Moto uko wapi?"

"Hakuna moto," Nyati akasema, na kila alipotikisa kichwa kengele zikalia tena. "Fundi, umenifunga!"

"Uliniambia pembeni. Na hizo si pembe zako?"

Swala akaangua kicheko, akajificha nyuma ya Ngiri.

"Nitazikata."

"Kata. Nguvu unazo. Ila wavu utakatika wote, na uzi wa kuutengeneza uliufuta mwenyewe." Buibui akawageukia majirani. "Moto ukija kesho, mumuulize yeye."

Swala akawakumbatia wanawe. Nyati akazitazama zile nyuso, akamkumbuka Bibi Kobe, shingo ikamlegea.

"Unataka nini, fundi?"

"Uzi wa jikoni na wa kisimani ninaula, urudi tumboni uwe wa matengenezo. Zile sita zinarudi mtini. Na tundu ninaingia leo."

"Ingia, mama."

Buibui akazila zile mbili taratibu, nywii, nywii, hakuacha hata kipande. Jioni ile alisuka kifuko chake darini. Nyigu akaja, akazunguka paa mara tatu, akaondoka na njaa yake.

Mwezi ukapita. Nyati akasimama chini ya dari, watoto mia wa Buibui wakimtazama kutoka juu.

"Fundi, kwa mkwe wangu kule. Uzi mmoja..." Akajiuma ulimi. "Niambie kwanza, uzi huo utachukua pima ngapi?"

Basi na wewe unayeagiza kazi, hesabu uzi kabla ya kusema "mmoja tu".