Upande wa Pili wa Machela

Hapo zamani, lakini si zamani ile ya sungura na fisi, zamani ya karibu tu ambayo watu wake bado wanapanga foleni ya chakula kama ninyi, palikuwa na chuo cha ualimu kwenye milima ya kusini, kule ambako ukungu hauondoki mpaka jua limepanda.

Chuo kile kilikuwa na timu ya mpira, na timu ilikuwa na mshambuliaji, Ambokile. Ilikuwa na nahodha, Lugano, aliyelala kitanda cha juu, Ambokile akilala cha chini. Ilikuwa na kocha, Mwalimu Gwakisa, ambaye asubuhi alifundisha mbinu za ualimu na jioni alifundisha mpira. Na ilikuwa na mwandishi wake, msichana wa mwaka wa pili, Atuganile, aliyeandika habari za timu kwenye gazeti la ukutani. Gazeti lenyewe lilikuwa karatasi kubwa iliyobandikwa mlangoni pa bwalo, na watu walilisoma wakingoja ugali. Atuganile hakuwahi kuandika uongo. Timu ikicheza ovyo, aliandika kwamba imecheza ovyo, wachezaji wakamnunia wiki nzima. Lakini walimwamini.

Siku ya nusu fainali Ambokile alifunga bao la pili, kisha akagongana kichwa na beki. Akalala chini, akainuka, akamaliza mchezo. Watu wakampigia makofi. Wanaume hupigiwa makofi kwa mambo kama hayo.

Kesho yake, kwenye foleni ya bwalo, Ambokile alisimama mbele ya gazeti.

"Mwandishi," akamwita Atuganile, "bao la pili nani alifunga?"

"Acha utani wewe. Unataka nikusifu mara mbili?"

"Sogeeni huko!" wa nyuma wakapiga kelele. "Maharage hayasomi gazeti, yanapoa!"

Ambokile akasogea. Alipofika kwenye sufuria akageuka. "Mwandishi, bao la pili nani alifunga?"

Safari hii Atuganile hakucheka.

Alasiri aliandika: Ambokile hayuko sawa. Hakumbuki bao lake mwenyewe. Apelekwe hospitali kabla ya fainali. Akabandika. Gundi haijakauka, Lugano akatokea.

"Dada, bandua hiyo."

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli. Lakini kwenye fainali anakuja kocha wa timu ya jeshi, anamfuata Ambokile tu. Akimchukua, amepata kazi. Mama yake anachuma chai kwenye shamba la watu, mgongo umekwisha. Utamweleza nini yule mama? Kwamba mwanawe alikosa kazi kwa ajili ya karatasi ya mlangoni?"

"Na kichwa?"

"Mwenyewe anasema kimepoa. Halafu kocha atamkagua. Kukagua ni kazi ya kocha, si yako wala yangu."

Maneno yale yalikuwa na akili. Maneno mabaya mara nyingi huwa na akili. Atuganile akabandua. Mlango ukabaki mtupu na watu walikuwa wanakuja kula, kwa hiyo akabandika nyingine: Ambokile asema yuko tayari. Haukuwa uongo. Ambokile alisema hivyo kweli.

Siku ya fainali Mwalimu Gwakisa akawapanga wachezaji mstari, akawakagua kama alivyozoea.

"Leo siku gani?"

"Jumamosiii!"

"Tumekuja kufanya nini?"

"Kushindaaa!"

"Kuna mgonjwa?"

"Hakunaaa!"

Sasa, pale chuoni kila mtu alikuwa amefundishwa, na aliyefundisha ni Mwalimu Gwakisa mwenyewe: usiridhike darasa likijibu kwa pamoja, maana asiyejua hujificha humo humo. Uliza mmoja mmoja. Siku ile hakuuliza mmoja mmoja. Lugano alisimama kando ya Ambokile akaitikia kwa sauti ya watu wawili. Atuganile alisimama pembeni ya uwanja, akauona mdomo wa Ambokile ukifunguka wakati wenzake wamekwisha kufunga yao. Hakusema kitu.

Mpira ukachezwa. Ikapigwa kona. Ambokile akaruka, akaupiga kichwa, ukaingia wavuni. Uwanja mzima ukapiga kelele. Yeye akashuka bila kutanguliza mikono, kama gunia linavyoshushwa kwenye lori. Watu walikuwa bado wanacheza ngoma wakati refa anaita machela.

Hakufa. Kuna wanaosema afadhali. Waulizeni wanaomgeuza kitandani. Mkono na mguu wa kulia havikufanya kazi tena, na kumbukumbu ikawa kama kikapu kilichotoboka. Kocha wa jeshi akaondoka na golikipa wa timu nyingine.

Mama yake, Bi Subilaga, alikaa juu ya mlima ambako gari halifiki, na pikipiki haimbebi mtu asiyeweza kuketi. Hospitali ilisema mgonjwa ateremshwe kila wiki akafanyiwe mazoezi ya viungo. Akateremshwa kwa machela ya mianzi. Mwanzoni majirani walisaidia. Kisha mvua zikaanza, kila mtu akaenda shambani kwake.

Ndipo wale watatu, kocha, nahodha na mwandishi, wakaja kumtembelea. Wakaja na sukari, na sabuni, na kikombe cha ubingwa ili mgonjwa akione. Bi Subilaga alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha kumenya.

"Karibuni. Hicho kikombe kiwekeni juu, kuku wasije wakakinyea."

Wakampa pole.

"Pole ninazo nyingi, hakuna pa kuziweka. Machela ina pande mbili. Upande mmoja ninao mimi. Nataka mtu wa upande wa pili. Aje akae hapa, aache hayo anayoyafanya huko."

"Tutapanga zamu, mama," alisema Lugano.

"Zamu ni ya kufagia bweni. Kwenye zamu kila mtu humtegea mwenzake. Mmeshategeana vya kutosha. Nataka mmoja."

Mwalimu Gwakisa akakohoa. "Mama, mimi niliuliza kama kuna mgonjwa, wakaniambia hakuna. Na gazeti nililisoma kwa macho yangu, limesema yuko tayari. Gazeti lile halikuwahi kunidanganya. Waje walionificha."

"Mimi niliitikia, sikatai," alisema Lugano. "Lakini mwenyewe alinishika mikono akalia: kaka, usinifungie mlango. Ningefanyaje? Mimi mwanafunzi. Aliyepewa timu ni mwalimu. Na aliyekuwa akisema anasikika ni huyu mwandishi."

Atuganile akasema, "Nilijua, nikaandika, nikabandua. Lakini mimi peke yangu ndiye niliyejaribu. Hawa hawakujaribu hata kidogo. Aliyejaribu akashindwa ndiye abebeshwe kuliko wasiojaribu?"

"Ulishindwa," alisema Bi Subilaga, "au ulishindwa kungoja gundi ikauke?"

Mwalimu Gwakisa, aibu imemshika, akasema lile ambalo hakupaswa kulisema. "Hata wewe mama, kabla ya fainali alikupigia simu. Lugano ameniambia. Alikwambia kichwa kinauma."

Kisu kikasimama juu ya ndizi.

"Alinipigia. Nilikuwa nimetoka kwenye chai, nimechoka. Nikamwambia ameze dawa alale. Ndiyo maana upande wangu siuachi, Mwalimu. Sikuwauliza wa mbele ni nani. Nimewauliza wa nyuma."

Kutoka ndani sauti ikaita, "Mama! Bao nani alifunga?"

"Wewe, baba. Ulifunga wewe."

Akanawa mikono. Ilikuwa siku ya hospitali. Akaitoa machela, wakamsaidia kumlaza mgonjwa. Kisha akaenda mbele, akainama, akashika mianzi miwili, mgongo kawapa wao.

"Bao nani alifunga?" aliuliza Ambokile, akitazama juu.

"Mmoja," alisema Bi Subilaga, bila kugeuka.

Hapo ndipo hadithi ilipoachwa, na hapo ndipo naiacha. Mama ameinama. Nyuma yake wamesimama watatu: mwalimu aliyeuliza asivyofundisha, rafiki aliyeitikia kwa niaba ya mwenzake, na mwandishi aliyejua akabandua. Mianzi ya nyuma iko chini, na mvua inakuja.

Msinijibu kwa pamoja. Nijibuni mmoja mmoja: je, nani alistahili kuishika?