Kamba ya Ng'ambo

Sogeeni, wanangu. Wewe wa mlangoni ingia, mkeka una nafasi. Zimeni hizo simu, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Tangu asubuhi nawasikia mkilisifia ghala lenu la mtandaoni, lile lenye vinasaba vya kila kirusi: limejaa, liko wazi, halimkatazi mtu. Vizuri. Sasa nyamazeni, niwape la kwangu.

Mtu mmoja alikuwa na shamba la mihogo. Mwanamke, jina lake Somoe. Mbegu ya muhogo ni mti wake wenyewe, unaukata pingili unachomeka. Kwa hiyo anayekupa mti amekupa na afya yake, na maradhi yake pia. Kijiji kizima kilichukua mbegu kwa Somoe, kama zamani kilivyochukua kwa mkwewe, Bi Esha, ambaye sasa alikuwa mzee wa kukaa barazani. Mwaka ule mawingu yalikuwa yamekwisha kujikusanya. Matita ya miti yalikuwa yamefungwa, yameegemezwa ukutani, na majirani wangekuja kuyachukua kesho yake asubuhi.

Somoe akang'oa muhogo wa kuwapikia wageni hao. Akaumenya, akaupasua. Ndani mlikuwa na michirizi ya kahawia, kama kutu. Akang'oa mwingine, na mwingine. Kutu. Akainua macho: majani yalikuwa ya kijani, yanapepea kama hayana habari.

Nchi ile ilikuwa na Nyumba ya Majani. Haikuwa na mlango. Aliyekutana na ugonjwa shambani alileta jani na kipande cha mti, akakitundika, akasema kimetoka wapi. Kulikuwa na kamba mbili: kamba ya Huku, ya miti ya upande huu wa mto, na kamba ya Ng'ambo. Aliyepatwa baadaye alikwenda na mti wake, akaulinganisha mpaka aupatie ndugu yake, akajua maradhi yameanzia wapi na mbegu ya nani ichomwe. Hiyo ndiyo iliyokuwa faida ya nyumba ile. Nyingine haikuwa nayo.

Somoe alikwenda karibu anakimbia. Mlinzi wa nyumba, Mzee Chinduli, akamlaki kwa furaha. "Karibu, mwanangu! Tazama, hata pa kupitisha kichwa hapana."

Kweli palijaa. Lakini Somoe hakuja kutazama wingi. Alishika hiki, akashika kile. Vingine vilikuwa vya shina lile lile, vimeletwa tena na tena na watu waliotaka waonekane wameleta. Vingine vilikuwa majani matupu, na maradhi yenyewe ni ya mizizi. Vingine havikuwa na mtu wa kuvisemea. Kamba ya Ng'ambo ilikuwa imelemewa mpaka imepinda. Kamba ya Huku ilikuwa na jani moja lililokauka, hata buibui amelihama.

"Unaona?" Mzee Chinduli akasema. "Sisi tumesalimika. Maradhi yote ni ya wale."

Somoe akatamani kumwamini. Kama maradhi ni ya wale, basi matita yake yana nafuu, na kesho ana la kuwaambia watu. Akaendelea kutafuta huku akiomba moyoni. Na kwenye kamba ya Ng'ambo akaupata mti ndugu wa ule wake: michirizi ile ile chini ya gome. Ulikuwa umefungwa kwa utepe wa kanga. Akaugeuza utepe. Pindo lile alilishona yeye mwenyewe, kwa uzi wa kijani, kwa kuwa mweusi ulikuwa umekwisha. Kanga ilikuwa ya Bi Esha.

Hapo akaelewa. Watu wa Huku walikuwa na adabu yao: aibu ya nyumba haianikwi barazani. Kila mmoja alileta maradhi yake kwa moyo mweupe, ili wenziwe wafaidike. Kisha alipoulizwa yametoka wapi, haya ikamshika ulimi, akasema Ng'ambo. Uongo mdogo, wa heshima. Na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

Nyumbani, Bi Esha aliutazama ule utepe asiuguse. "Ningesemaje, mkwe wangu? Kwamba bibi wa mbegu anagawa uozo? Miti mibovu niliyoiona niliichoma, nikadhani maradhi yamekwisha." Akashusha sauti. "Funika, mwanangu. Jani ni kijani, nani atajua? Mwaka ukiharibika, watu watailaumu mvua."

Somoe akatoka nje. Mama mkwe yule ndiye aliyempokea akiwa bibi harusi, ndiye aliyempa shamba. Ukuta wa nyumba haukuonekana kwa yale matita.

Asubuhi majirani wakaja, na utani wao. "Somoe, hata moshi hakuna? Umeolewa na uchoyo siku hizi?" Akawaambia wamfuate kwanza. "Loo, mbegu sasa zinatolewa kwa maandamano!" Wakacheka njia nzima mpaka Nyumba ya Majani.

Ndani, Somoe akaufungua ule mti kwenye kamba ya Ng'ambo. Mzee Chinduli akapiga kelele, "Weka hapo! Utatuharibia nyumba!" Somoe akaupeleka upande wa pili, kwenye kamba ya Huku, akautundika na utepe wake, mbele ya wote.

"Huu ni wa kwetu," akasema.

Kicheko kikakatika. Mwanamume mmoja akatema mate, akatoka. Wengine wakawa wanatazama vidole vya miguu yao. Kisha mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaanza kupekua kamba ya Ng'ambo, polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokificha mwenyewe. Akautoa wake, akautundika kando ya ule wa Somoe. Waliobaki waliondoka, vyao wakaviacha vikining'inia palepale.

Waliporudi, Bi Esha alikuwa amesimama penye matita, na kijinga cha moto mkononi. Aliyawasha mwenyewe.

Mwaka ule walikula ming'oko, mizizi ya kuchimba porini. Na mbegu walikwenda kuiomba Ng'ambo, kwa watu wale wale waliokuwa wamebandikwa maradhi yao. Wale wakawacheka kwanza, wakawacheka sana, kisha wakawapa. Ilikuwa safi.

Bi Esha alipofariki, Somoe alirithi ile kanga iliyopungua utepe. Watoto wa yule aliyetema mate walirithi mashamba yenye mihogo myeupe ndani. Mzee Chinduli alimwachia binti yake nyumba iliyobaki nusu tupu, visivyo na asili vikiwa vimetupwa, na binti huyo huketi pale pasipo mlango, humwuliza kila ajaye: umeutoa shamba la nani, na mzizi wake uko wapi?

Nanyi la kwenu limejaa, nimesikia. Cha nyumbani kwenu mmekitundika kamba ipi?