Fisi na Ada ya Makumbatio Matatu

Hapo zamani za kale, kabla Fisi hajaota madoa, wanyama wa milimani walikuwa na nyumba zao, mafiga yao, na ugomvi wao kama sisi. Sogeeni basi. Mbelwa, usinivutie blanketi, miguu yangu hii ina baridi.

Kondoo alikuwa anakaa na mama mkwe wake. Huyo bibi alikuwa mzee mpaka sufu imemtoka yote mgongoni, kabaki mtupu kama kiganja changu. Na kipupwe kilikuwa kinakuja.

"Mkamwana," bibi akasema, "mwaka jana nilikohoa mpaka nikamwona marehemu mume wangu ananipungia mkono. Mwaka huu sivuki."

"Utavuka, mama! Nimeshakata sufu yangu, mifuko mitatu. Fundi Mnana kasema blanketi linakula mifuko miwili tu."

Mnana ndiye yule ndege anayejua kusuka. Lakini sufu mbichi, iliyotoka mgongoni sasa hivi, hakuigusa mpaka ipimwe na mfuko upakwe alama ya udongo mwekundu. Alikuwa na haki yake! Mbuzi aliwahi kumletea sufu kaijaza miiba katikati, mdomo wa Mnana ukapasuka. Ndipo akawekwa mpimaji. Anazamisha mkono mpaka chini ya mfuko, anavuta kipande, ananusa, anaosha, akiridhika anapaka alama. Ada yake konzi moja ya sufu, hivi, inayojaa ngumi. Hakuna aliyenung'unika.

Basi mpimaji wa zamani, mzee Kobe, akachoka. Kazi akaishika Fisi.

Kondoo akafika na mifuko yake. "Shikamoo, mzee Fisi. Nimeleta sufu, na konzi zako hizi."

"Hi hi hi! Konzi? Ada imebadilika, mama."

"Imebadilika lini?"

"Nilipoamka. Sasa kila mfuko, kupima kumbatio moja. Kuosha kumbatio moja. Kupaka alama kumbatio moja."

"Kumbatio!"

"La mikono yangu miwili. Hutaki? Beba mifuko yako, ukaone kama Mnana atakufungulia mlango."

Kondoo angefanya nini? Fisi akakumbatia, fwaap! Akatupa ghalani kwake. Akakumbatia tena, fwaap! Mifuko mitatu iliyojaa ikabaki nusu mfuko, ndio umepakwa alama nyekundu, unang'aa. Nusu mfuko hautoi hata soksi.

Kondoo akarudi analia njia nzima, mee, mee. Jirani yake Pimbi alikuwa amekaa juu ya jiwe anaota jua. Pimbi mnamjua, yule mdogo kama sungura, mkia hana. Na hawa wawili walikuwa hawasemeshani! Watoto wa Kondoo walipindua chungu cha maharage cha Pimbi kikavunjika, Pimbi akawaita watoto wasio na malezi, Kondoo akamwambia bora wasio na malezi kuliko asiye na mkia. Msiniulize nani mwenye makosa. Magomvi ya ukoo wetu yote ninayo kichwani, hata lile la shangazi yenu Nyange na sinia, lakini hili la hawa wawili limenishinda kuamua.

Pimbi akajikaza, akashindwa. "Wewe! Unalia nini?"

"Siongei na wewe."

"Basi usiongee na mimi, liambie jiwe. Mimi nitakuwa nasikiliza pembeni."

Kondoo akaliambia jiwe yote. Alipotaja mama mkwe, mee, akalia upya.

Pimbi akashuka kwenye jiwe lake. Halafu akasema, "Mwanangu alipozaliwa ile baridi kali, nani alichana sufu ya kifuani kwake akamfunika?"

"Mimi."

"Basi chungu changu bado kimevunjika na bado nimekasirika. Lakini yule mtoto anatembea. Siku ya gulio njoo upange foleni. Ukiniona, usicheke."

Siku ya gulio foleni imefika mpaka mtoni. Fisi kakaa kwenye kigoda, tumbo mbele. Pimbi akaja na mfuko mtupu na mkasi. Akaanza kumzunguka Fisi. Akanusa. "Mh!" Akanusa tena. "Mh! Mh! Mh!"

"Wewe kifupi, unaninusa nini?"

"Samahani, mzee wangu. Hili koti ulilovaa, umelipata wapi?"

"Koti gani? Haya manyoya yangu!"

"Wee! Yako? Yameota humo humo?" Pimbi akashika kichwa. "Na Simba anahangaika kutafuta manyoya ya kufunika kiti chake! Amesema atakayetoa, atakaa ubavuni pake. Yeye akishamega nyama, anayefuata ni huyo."

Fisi mate yakamtoka, churu churu. "Anayefuata? Kabla ya chui?"

"Chui atasubiri mifupa. Lakini mzee, usikate. Utaona baridi."

Mnamjua mtu mlafi, ukimwambia usifanye! "Kata!" Fisi akafoka. "Kata upesi!"

Kacha kacha kacha! Mgongo. Kacha kacha! Shingo, mbavu, mpaka mkia. Mfuko ukajaa, pomoni. Fisi akabaki mwembamba kama kuku wa kunyonyolewa. Akaubeba mfuko, anataka kukimbia kwa Simba.

"Mzee! Mbona hauna alama?" Pimbi akaita, kwa sauti ya kufika mtoni. "Mnana atayasukaje manyoya ya kiti?"

"Alama naipaka mwenyewe, mimi ndiye mpimaji."

"Bila ada?"

Foleni nzima ikageuka. Fisi akaangalia huku, akaangalia huku. Wote macho kwake.

"Natoa ada," akasema. "Konzi moja hii hapa."

"Si ilibadilika?" Kondoo akauliza kutoka kwenye foleni, amejiuma mdomo asicheke.

"Ilibadilika!" wote wakaitika. "Kumbatio! La mikono yako miwili!"

Fisi akakumbatia kidogo, kama mtu aliyeshika yai.

"Hapana, mzee," Pimbi akasema. "Sufu zetu hukuzikumbatia hivyo."

Fwaap! La kupima, akawakabidhi wa foleni. Mfuko ukalegea. Fwaap! La kuosha. Ukainama. Fwaap! La alama. Mfuko ukalala chini, pwaa. Fisi akazamisha mkono ndani, akatoka na unywele mmoja.

"Ada gani hii?" akapiga kelele. "Yote imekwisha! Huu ni wizi!"

"Umesemaje?"

"Nimesema ni wi..." Akaziba mdomo. Neno limeshatoka.

Jamani, kicheko! Hata mzee Kobe alicheka, na yeye huwa anachelewa. Palepale upepo wa mlimani ukashuka, vuuu. Fisi akaanza kutetemeka, meno ka ka ka.

"Na kiti cha Simba?" akauliza kwa unyonge.

"Kiti gani? Umeshaona Simba kakalia kiti? Si analala chini siku zote!"

Wakafungua ghala la Fisi, kila mtu akachukua sufu yake. Mzee Kobe akarudishwa kazini kwa konzi moja, na wote wakampa wakisema ahsante, maana kupima kwenyewe ni kazi nzuri. Mnana akasuka blanketi, bibi akajifunika mpaka masikioni. Halafu, amini msiamini, yule bibi akasema, "Mkamwana, ile iliyobaki kampe Fisi. Najua ilivyo kukaa mgongo wazi." Fisi akapelekewa kipande, akakipokea kwa mikono miwili, kichwa chini. Manyoya yalipoota tena yalikuja kwa mabaka mabaka, ndiyo yale madoa mpaka leo.

Jioni Kondoo akaenda kwa Pimbi na chungu kipya. "Pimbi, ahsante. Mama yangu anapumua."

"Na mimi ahsante, mwanangu anatembea. Ingia ndani. Leta na watoto wako wasio na malezi, maharage yameiva."

Basi wajukuu zangu, ukipewa kazi ya kuwapimia wenzako, jipimie kwanza wewe hicho hicho unachowapimia.

Hadithi yangu imekwisha, na miguu yangu imepata moto. Nani kanifunika? Ni wewe, Mbelwa? Ahsante, baba. Mungu akufunike na wewe.