Mtu wa Kuingia Bila Hodi

Sogeeni karibu, na mwenye kiti awapishe wakubwa. Leo sina sungura wala zimwi. Nina mlango mmoja wa mninga, mtaa wa Mikanjuni, Tanga, na nina watu watatu ambao kila mmoja aliufungua kwa njia yake. Sikilizeni vizuri mnisaidie, maana mimi mwenyewe nimeshindwa kuamua.

Wajueni kwanza hao watatu. Mmoja ni Chausiku, jirani, na kipaji chake ni sikio. Mtu akikohoa nyumba ya tatu, Chausiku anajua ni nani na alilala saa ngapi. Wa pili ni Hemedi, fundi wa mafriji kule Mwanza, na kipaji chake ni kutosahau. Yuko mbali, lakini kila siku lazima ajue mama yake kaamkaje. Wa tatu ni Shekigenda, seremala wa pale kwenye kona, na kipaji chake ni mkono. Huongea kidogo, tena ukimwagiza kitu huitikia "sawa", kisha anafanya anavyoona yeye.

Mama yake Hemedi ndiye mwenye mlango. Anaitwa Bi. Mwantumu, mjane, mshonaji wa mikeka, mwenye ugonjwa wa sukari na mdomo usiokubali kushindwa. Funguo za nyumba alizifunga kwenye pindo la kanga, na kanga akaivaa kwenye kila harusi ya Tanga nzima. Mara tatu alirudi bila funguo, na mara tatu Shekigenda akaitwa kuvunja kitasa. Ya tatu Hemedi akasema basi. Akanunua kitasa cha kisasa, kile cha kufunguliwa kwa kidole au kwa namba, akakituma kwa basi ndani ya boksi lililozungushiwa utepe wa gundi mpaka likawa kama mtoto mchanga aliyeviringishwa nguo.

Shekigenda alikifunga kwa kufuata picha, na Hemedi akamwelekeza mengine kwa simu. Bi. Mwantumu akaambiwa aweke kidole. Akaweka. Kitasa kikalia na kuwaka taa nyekundu. Akaweka cha pili, cha tatu, vyote kumi, taa ni ile ile nyekundu.

"Mama, vidole vyako havina mistari," Shekigenda alisema baada ya kuviangalia juani.

Kweli havikuwa nayo. Miaka arobaini ya kusuka ukili ilikuwa imeifuta yote. Bi. Mwantumu alivitazama vidole vyake siku hiyo akaona uchungu, kwamba mlango wake mwenyewe haumtambui. Hakumwambia mtu.

Basi akapewa namba. Lakini mama yetu huyu kila anachokifanya hukisema, hata akipika utamsikia anaitaja chumvi. Akawa anasimama mlangoni anabonyeza na kutangaza, "Mbili, tano, tano, nane." Kufikia Ijumaa mtaa mzima ulikuwa unaijua, na mtoto wa muuza maandazi ameitungia wimbo wa kuruka kamba. Hemedi akaibadilisha namba kwa simu yake kutoka huko huko Mwanza, akamsihi mama yake abonyeze kimya. Akabonyeza kimya, midomo ikicheza. Ila imani yake kwa kitasa ikawa imekwisha. Akamwita Shekigenda.

"Nirudishie komeo langu la zamani kwa ndani. Na utie skrubu ndefu, fundi. Ndefu kuliko zote ulizonazo."

"Sawa," akasema Shekigenda.

Hivyo mlango ukawa na vitu viwili: nje kitasa cha kisasa, ndani komeo la babu. Hemedi alipomwambia kwenye simu kwamba kitasa kina kitufe cha kujifungia kwa ndani, alijibu kwamba vitufe ni vya redio.

Kuna jambo jingine mlijue. Nyumba ya Bi. Mwantumu ina sheria ya hodi. Unabisha mara tatu. Usipoitikiwa, unarudi ulikotoka. Mwaka uliopita Chausiku aliingia bila kuitikiwa, akamkuta mwenzake anajipaka dawa ya mgongo, wakanuniana mwezi mzima. Walipopatana, Chausiku aliapa kwamba hodi ya nne hataipiga tena maishani mwake.

Sasa ikaja Jumatatu moja. Bi. Mwantumu alikuwa amefunga sunna, na daku lake lilikuwa maji matupu. Vidonge vya kushusha sukari akavimeza alfajiri kwa mazoea. Akaswali, komeo akaliacha lilivyofungwa tangu usiku, akawasha redio, akakaa na ukili wake. Kwenye saa nne asubuhi aliona jasho jembamba, mikono ikamtetemeka, akataka kumwita mtu na jina la kuita likampotea. Akaanguka juu ya mkeka aliokuwa anaushona. Alikuwa anasikia redio, na alijua kwamba anakufa. Ndivyo alivyosimulia mwenyewe baadaye.

Chausiku alifika kuomba mchuzi wa jana. Akapiga hodi tatu, kimya. Akageuka aende zake. Hatua ya tano akasimama, kwa sababu redio ilikuwa inapiga matangazo ya sabuni, na Bi. Mwantumu hajawahi kuyaacha matangazo ya sabuni yaishe. Huyazima na kuyatukana. Wanawake waliokuwa wanachambua mchele kibarazani wakamwambia, "Jumatatu huyo huenda Pongwe kwa dada yake. Kasahau redio. Usianze tena mambo yako." Chausiku alikikumbuka kile kiapo na ule mwezi wa kununiana. Kisha akarudi mlangoni akapiga hodi ya nne, na ya tano, na ya kumi, akaugonga mlango kwa kiatu. Ndipo akampigia simu Hemedi.

Hemedi alikuwa ndani ya friji la muuza sangara, kichwa na mabega. Akatoka, akaifungua simu yake. Kitasa huandika kila mlango unapofunguka, naye akasoma: tangu mama alipoingia jana magharibi mlango haujafunguliwa. "Yumo ndani," akasema. "Hajaenda Pongwe. Shika kitasa, nafungua kutoka huku." Akabonyeza Mwanza, kitasa kikalia Tanga, taa ikawaka kijani. Wale wa kibarazani waliacha mchele wao wakasimama.

Mlango haukwenda. Komeo lilikuwa limeushika. Mninga ule hauvunjwi kwa nusu saa, na madirisha yote yana nondo. Chausiku akakimbia mpaka kwenye kona, akarudi na Shekigenda. Yule fundi hakuleta nyundo wala shoka. Aliweka bega lake chini kidogo ya kitasa, upande wa kulia, akasukuma mara moja, mlango ukafunguka, na komeo likaanguka sakafuni na skrubu zake. Wakamkuta mama mkekani, wakamsugulia asali ndani ya shavu ili sukari iliyoshuka ipande, wakampakia kwenye bajaji. Daktari aliwaambia kwamba wangechelewa kidogo tu, wangemleta kwa jambo jingine.

Siku ya tisa Bi. Mwantumu aliwaita wote watatu nyumbani kwake, Hemedi naye akiwa ameshafika kwa basi. Aliwapikia wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Hakuwaruhusu kuosha hata kijiko. Walipomaliza kula, akaanza maswali.

"Hemedi, ulijuaje kwamba nimo ndani?"

"Kitasa kinaniandikia, mama. Ukitoka na ukirudi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Bi. Mwantumu akawaza. "Kwa hiyo siku niliyokwambia nimelala mapema, magoti yananiuma?"

"Ulirudi saa nne usiku. Nilidhani ni harusi. Nikanyamaza."

Chausiku akacheka, akatazamwa, akaacha kucheka.

"Nawe fundi, ulijuaje kwamba komeo litaachia?"

Shekigenda alifuta mikono yake taratibu. "Nilitia skrubu fupi, mama."

"Nilikuagiza ndefu."

"Uliniagiza. Nikaona mgonjwa wa sukari anayeishi peke yake hafai kufungiwa na skrubu ndefu. Ningekwambia, ungemwita fundi mwingine."

"Na wewe shoga, ulinipigia hodi ngapi?"

"Sikuhesabu," alisema Chausiku. "Ningehesabu ningerudi nyumbani."

Bi. Mwantumu akahesabu kwa vidole. Mmoja alimchunguza, mmoja alimdanganya, mmoja alivunja kiapo chake. Kama wangekuwa na adabu zao zote, angekuwa kaburini. Alitaka kukasirika, akakuta machozi yanamtoka, akayaacha yatoke.

"Daktari kasema sukari inaweza kushuka tena," alisema mwishowe. "Komeo silitaki tena. Nitajifungia kwa kile kitufe. Hemedi, waeleze."

Hemedi akaeleza. Mama akibonyeza kitufe cha ndani, mlango unawakataa watu wote, na hata simu ya Mwanza haiwezi kuufungua. Anayepita ni mmoja tu, mwenye kidole kikuu. Nafasi ya kidole hicho ni moja, haigawiki, na mpaka leo iko tupu, kwa sababu vidole vya mwenye nyumba havisomeki.

"Basi nataka mmoja wenu aweke kidole," alisema Bi. Mwantumu. "Huyo ndiye atakayeingia kwangu bila hodi, mpaka nife."

Mnadhani walikataa kwa heshima? Kila mmoja alikitaka.

"Niwekwe mimi," alisema Chausiku. "Niko hapa kila siku. Bila sikio langu, simu isingeita na bega lisingeitwa."

"Utaingia, halafu saa sita mtaa mzima utajua nimekula nini," alisema Bi. Mwantumu.

"Mimi ni mwanao," alisema Hemedi. "Bila mimi mngekuwa bado mnabishana habari za Pongwe. Natafuta kazi huku Tanga, mama. Nipe miezi mitatu."

"Na miezi hiyo mitatu kidole kitakuwa Mwanza."

Shekigenda hakuomba. Alisema tu, "Kitasa kingefunguka na sikio lingesikia, na bado mngebaki nje. Karakana yangu iko hatua thelathini kutoka hapa." Naye ni mwanamume asiye na udugu na mjane huyu, na mtaa wenyewe mnaujua. Bi. Mwantumu aliliwaza hilo, kisha akashangaa kuona halimsumbui kama lingemsumbua mwaka jana.

Hemedi akakibonyeza kitasa, taa ya buluu ikawaka, na kisauti cha kike kikatoka humo kikasema kitu kwa Kizungu. "Kinasubiri kidole," alisema. "Taa ikizimika tutaanza upya."

Wote watatu wakasimama. Bi. Mwantumu akawatazama mmoja mmoja, watu watatu wanaogombea kuamshwa saa yoyote kwa ajili yake. Miaka yote ya ujane alijiona yuko peke yake ndani ya nyumba hii. Akatabasamu, akanyoosha mkono wake wenye vidole vilivyofutika, ili amshike mmoja wao na kumsogeza mlangoni.

Mimi naishia hapo, na taa bado inawaka. Waliokosa watakuja, watapiga hodi zao tatu, na watapendwa vile vile. Lakini mkono wa mama umeshanyooka, na kidole ni kimoja. Haya, wewe uliyekaa hapo mbele, na wewe wa nyuma unayejifanya hukusikia: mngekuwa ninyi, mngemshika nani?